Kusomea dhuluma za kijinsia: isome, lakini usiisome peke yake

Mdogo wangu uliyeuliza kama kusomea masuala ya jinsia, ukilenga dhuluma, ni kutupa karo: kazi hii ndiyo inayonilipia nyumba hapa Nairobi. Isome, ila iambatanishe na ujuzi mwingine.

Nadharia ya darasani ina kazi yake. Bila hiyo utamuuliza manusura kwa nini hakuondoka mapema, na swali hilo moja linatosha kumfunga mdomo. Lakini waajiri wanatafuta mtu anayeijua njia ya kesi, kutoka hospitalini hadi kortini. Ajue kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 baada ya kubakwa. Ajue kwamba fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji, hujazwa hospitalini, nayo P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa kidaktari, hutoka kwa polisi ikajazwa na daktari, na moja haishiki nafasi ya nyingine. Ajue kwamba nguo za manusura hutiwa kwenye mfuko wa karatasi, kwa maana plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaota ukungu. Nimeona kesi ikilegea kwa jambo dogo kama hilo, na inauma mno.

Kwa hiyo ongeza sheria, uuguzi, ushauri nasaha au takwimu. Takwimu wengi huzikimbia, na ni kosa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa au kuumizwa mwilini tangu wafike miaka 15. Kupata jibu kama hilo kunahitaji mtu anayejua kumhoji mama faraghani bila kumtia hatarini nyumbani kwake.

Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 na ile ya 2015 ya ulinzi dhidi ya dhuluma za nyumbani zisome zenyewe, usitegemee muhtasari wa mwalimu. Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, itafute mapema: dawati la jinsia katika kituo cha polisi, FIDA (shirika la wanasheria wanawake), COVAW (shirika linalopinga ukatili dhidi ya wanawake), au kitengo cha manusura hospitalini.

Upande wa mshahara nitasema wazi. Mikataba mingi ni mifupi na hufuata wafadhili. Fedha za nje zilipokatwa 2025, wenzangu hodari walibaki bila kazi. Mwenye leseni ya uuguzi au uwakili alikuwa na pa kwenda. Na kwenye usaili, uliza ni nani huwasikiliza wafanyakazi baada ya kesi nzito. Wakibabaika, tafuta kwingine.

Tuandikie hapa kozi za hiari ambazo chuo chako kinatoa, nikuambie nitakazochukua ningekuwa wewe.