Portland (Maine, Marekani) na ile asilimia 25 ya nyumba nafuu: niliyoyaona mwenyewe nikitafuta pa kuishi

Kaka umeuliza swali la maana na naona waliokujibu wamegawanyika, nusu wanasema sheria ya asilimia 25 (ya kila jengo jipya kubwa kutenga sehemu hiyo kwa bei nafuu) ndiyo inayotutetea wapangaji isiguswe hata nukta, nusu wanasema ndiyo imeua ujenzi Portland basi ifutwe yote. Ila wewe hukuuliza hivyo. Wewe umesema upo Lewiston, unataka kuhamia Portland ukae karibu na kazi, una mke na watoto wanne, umesikia jiji linafikiria kuibadilisha hiyo sheria na unataka kujua kama inamsaidia mtu kama wewe au ni ya watu wengine. Ntakujibu kwa niliyopitia, itakuwa ndefu kidogo nivumilie.

Kwanza tuelewane sheria yenyewe ni ipi, manake nikiongea na watu kanisani wengi wanadhani ni nyumba za serikali, kama zile wanazosikia za Nairobi ambapo mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara serikali ijenge. Hapana. Hapa jiji halijengi kitu. Jiji linamwambia mwenye hela anayetaka kuinua jengo jipya kwamba ukijenga apatimenti 10 au zaidi, sehemu yake lazima upangishe kwa bei nafuu, na kama hutaki basi lipa faini (wao wanaiita ada) iende kwenye mfuko wa nyumba wa jiji. Ilianza 2015, enzi hizo ilikuwa asilimia 10 tu na ada ilikuwa dola 100,000 kwa kila apatimenti ambayo hukuitoa. Halafu Novemba 2020 ikaja kura ya wananchi, ile waliyoiita Green New Deal, ikapita, na ndiyo iliyopandisha kutoka 10 mpaka 25 na kushusha kiwango cha kipato cha wanaostahili. Siku hiyohiyo ilipita na ile ya kudhibiti kupanda kwa kodi ya pango, watu wanazichanganya hizo mbili ila ni vitu tofauti.

Kwa nini kelele zimeanza sasa? Portland kuna utaratibu kwamba kitu kilichopitishwa na wapiga kura baraza la jiji haliwezi kukigusa kwa miaka 5. Hesabu mwenyewe, 2020 mpaka 2025. Muda ulipofika mlango ukafunguka, kwa hiyo wanaojenga wanasukuma ishuke na vyama vya wapangaji vinasukuma ibaki.

Sasa mimi. Nimekuja 2016 kutoka Nyarugusu, nimekulia kule kambini Kigoma, sisi asili yetu ni Fizi, Kongo. Tulifika tukiwa sita, mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Tulipata ghorofa ya pili kwenye zile nyumba za mbao za ghorofa tatu, vyumba vitatu vya kulala, hiti ndani ya kodi, na ukishakaa Maine baridi moja tu unajua hilo neno "hiti ndani" lina thamani gani. Tukakaa vizuri. 2021 nyumba ikauzwa, mwenye nyumba mpya akasema anataka kukaa yeye na familia yake, tukapewa muda wa kutoka. Hakuvunja sheria na sina neno naye. Ila ndipo nilipojifunza maana ya nyumba nafuu, manake mpaka siku hiyo nilikuwa nasikia tu redioni.

Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, mume wangu yupo kiwandani. Nikaanza kujaza fomu. Jengo la kwanza lilikuwa jipya kabisa, limejengwa chini ya hiyo sheria, zile apatimenti zao nafuu ni za watu wasiozidi asilimia 80 ya kipato cha katikati. Ngoja niieleze hii taratibu manake humu ndimo siri yote ilipo. Wanachukua familia zote za eneo, wanazipanga kuanzia yenye kipato kidogo mpaka yenye kikubwa, wanachukua ya katikati. Shida ni kwamba eneo lenyewe siyo Portland peke yake, wanaweka humo na Falmouth na Cape Elizabeth, kule kwa matajiri wa pembeni ya bahari, kwa hiyo ile ya katikati inapanda juu. Halafu kodi inapigwa kwa asilimia 30 ya kipato hicho. Chukua mfano mwepesi, tuseme kipato cha katikati ni dola 100,000, asilimia 80 yake ni 80,000, asilimia 30 ya hiyo ni 24,000 kwa mwaka, yani dola 2,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo "nafuu". Ni nafuu kweli kwa mwalimu au nesi mwenye digrii, siyo kwa anayewageuza wazee kitandani usiku.

Nikasema sawa, tutajibana. Wakaniuliza slipu za mshahara za sisi wawili, wakajumlisha, wakaniambia mama kipato chenu hakijazidi kikomo, kwa hilo mnastahili, lakini jengo lina sharti lake kwamba mpangaji awe anaingiza mara tatu ya kodi. Hatukufika. Kwa hiyo sheria ya jiji imeniruhusu, mlango wa jengo umenifungia. Niliondoka pale nikiwa na folda yangu mkononi nimesimama kituo cha basi Congress Street nalia, siwezi kusema uongo.

Jengo la pili lilikuwa la shirika lisilo la faida, lile limejengwa kwa misamaha ya kodi ya serikali kuu, apatimenti zao ni za asilimia 50. Hapo nikasema hapa ndipo petu. Walipojumlisha slipu, mume wangu alikuwa amepiga ovataimu miezi mitatu mfululizo ili tupate dipoziti, ile ovataimu ikatupitisha juu ya kikomo. Huku hatutoshi, kule tumezidi. Na nimekuja kugundua siyo sisi tu, nimewasaidia watu wengi kujaza fomu tangu wakati ule na hili pengo la katikati familia zetu nyingi zimeangukia humo, wote wawili wanafanya kazi, ovataimu, watoto wengi.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo kwenye mabishano yote haya silisikii likisemwa na ndilo linakuhusu wewe mwenye watoto wanne. Vyumba! Anayejenga anapata hela nyingi zaidi kwa kila futi akijenga studio (chumba kimoja tu, kitanda na jiko humohumo) na za chumba kimoja cha kulala, kwa hiyo majengo mengi mapya pale Bayside na kuzunguka katikati ya mji ndivyo yalivyo. Asilimia 25 ya jengo la studio ni studio. Hata wakipandisha iwe asilimia 50, familia ya watu sita haiingii kwenye studio. Sisi tulipata mwishowe Westbrook, mji wa jirani, kwenye listi ya kusubiri, miezi 14, na ile miezi tulikaa kwa shemeji yangu watu kumi na mmoja nyumba moja, mama mkwe analala sebuleni na magoti yake yale.

Usinielewe vibaya lakini. Sisemi sheria haifai. Kazini nina mwenzangu, mama wa mtoto mmoja, yeye alipata chumba kimoja kwenye jengo jipya kwa sheria hiihii, kodi yake ilikuwa mamia ya dola chini ya jirani yake wa mlango wa pili na jikoni ni lilelile, dirisha ni lilelile. Anatembea kwa miguu kwenda kazini. Mtoto hakubadilisha shule. Ukimuuliza kama ifutwe atakushangaa. Kwa hiyo wale mnaoandika kwamba haijamsaidia mtu yeyote, mnakosea, imesaidia, ila imesaidia aina moja ya mtu.

Na hoja ya wanaojenga nayo tuisikilize, tusiitupe kwa sababu tu wao wana hela. Fikiria jengo la apatimenti 40. Kwa asilimia 10 za zamani anatoa 4, kwa 25 anatoa 10. Tuseme kila moja inamletea dola 700 pungufu kwa mwezi, zile 4 zinampunguzia 33,600 kwa mwaka, zile 10 zinampunguzia 84,000. Benki inamkopesha kwa kuangalia kodi itakayoingia, wakiona haitoshi wanakataa mkopo, jengo halisimami, na jengo lisilosimama lina nyumba nafuu sifuri. Riba zilipopanda 2022 hesabu ikazidi kuwa mbaya. Pia kikomo chenyewe cha apatimenti 10 kinamwambia mtu jenga 9 ukae salama. Kule Portland nyingine, ya Oregon, walianza sheria yao 2017 na kikomo chao ni apatimenti 20, watu wakaanza kujenga majengo ya 19, ikabidi baadaye jiji liongeze misamaha ya kodi ya majengo ili hesabu ikubali. Kwa hiyo siyo uongo kwamba namba ikiwa kubwa bila kitu cha kumfidia anayejenga, watu wanaikwepa.

Ila napinga wanaposema suluhisho ni kushusha asilimia tu halafu basi. Ukishusha kutoka 25 kurudi 10 huku ukiacha kiwango cha kipato palepale na studio zilezile, umempunguzia yule mwenzangu nafasi yake na mimi na wewe hujatupa kitu. Mimi kama ningeulizwa, bora asilimia ndogo lakini ya chini kweli. Nipe apatimenti 6 za watu wa asilimia 50 au 60 badala ya 10 za asilimia 80, na katika hizo 6 mbili ziwe na vyumba vitatu vya kulala, na jiji limruhusu huyo mjenzi aongeze ghorofa moja juu au lisimdai maegesho ya magari ili afidie hasara yake. Wahesabu vyumba vya kulala, wasihesabu milango. Na lile sharti la mara tatu ya kodi lipigwe marufuku kwenye apatimenti zote zinazotolewa kwa sheria ya jiji, manake haiwezekani jiji lipange kipato cha juu halafu meneja wa jengo apange cha chini mpaka katikati pabaki kijidirisha cha kupita sindano.

Hela za ada nazo. Zinaingia kwenye mfuko wa nyumba, ule wenye jina la Jill Duson aliyekuwa diwani wa jiji, na zinasaidia mashirika yasiyo ya faida kujenga, na kiukweli majengo ya aina hiyo ndiyo yenye vyumba vikubwa, hata hilo letu la Westbrook ni la shirika. Kwa hiyo sioni ubaya mtu akilipa ada badala ya kutoa studio, mradi zile hela zijenge vyumba vya familia na tuambiwe kila mwaka zimejenga wapi.

Umeuliza pia kama wewe ambaye bado hujapata uraia una sauti. Kupiga kura hapana, mwaka 2010 liliwekwa kwenye kura swali la kuwaruhusu wakazi wasio raia wapige kura za jiji na likakataliwa kwa tofauti ndogo. Lakini kuongea mbele ya baraza hakuna anayekuuliza pasi, unaenda pale City Hall, zamu yako ikifika unasema jina na unachotaka kusema, dakika chache. Mimi nimeshaenda mara mbili, Kiingereza changu hakijanyooka na walinisikiliza. Nilichokiona ni kwamba wajenzi wanakuja na mawakili wao, wapangaji vijana wanakuja na mabango, familia zetu hazipo, kwa hiyo neno "vyumba vitatu" halisemwi na mtu.

Kwa sasa usingoje baraza liamue. Weka jina kwenye listi za mashirika hata kama wanakwambia miaka miwili, weka na ya Portland Housing Authority (mamlaka ya nyumba za umma), na za Westbrook na South Portland pia, zote ni bure au karibu na bure, na anwani ikibadilika waambie wiki hiyohiyo manake barua ikirudi wanakufuta. Na kabla hamjapiga ovataimu ya dipoziti uliza kwanza kikomo cha jengo unalolisubiri. Nitumie inbox watu wangapi nyumbani na mnaingiza kiasi gani kwa mwaka kabla ya makato, nikuangalizie uanze na listi ipi.