Mashua inavuja hata baada ya silikoni: rudi kwenye pamba

Mkuu, umeuliza kwa nini mashua yako bado inaingiza maji na mianya yote umeijaza silikoni. Mbao za chombo hazitulii: zikikauka zinasinyaa, zikilowa zinavimba, na kwenye mawimbi kila ubao unavutana na mwenzake. Silikoni ikishika upande mmoja huchanika upande wa pili, na kwenye mbao zilizonyweshwa sifa (mafuta ya papa) miaka mingi haishiki kabisa. Pamba iliyoshindiliwa kwenye mwanya inabanwa na uvimbe uleule wa mbao. Ndiyo maana mafundi wa Nungwi na Lamu hawajaiacha.

Kipweleze chombo ufukweni wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu), kitie gadi, yaani magogo ya kukiegemeza, pande zote, ukwangue silikoni yote. Ikibaki hata utando, pamba itateleza. Mwanya unatakiwa uwe mpana kwa nje na ufunge kwa ndani. Ukiona mwanga unapenya, pamba itatokea upande wa pili. Huo ubao ukazwe upya au ubadilishwe kwanza.

Sokota utambi wa pamba mnene kidogo kuliko mwanya, uloweke kwenye mafuta ya nazi au sifa, uukamue. Usiutie ukiwa umenyooka: ukunje vikunjo vidogovidogo huku ukiusukuma kwa patasi butu, kisha rudia mstari mzima kwa nyundo. Sikiliza. Mwanzoni mlio ni mzito, umefifia. Pamba ikishakaa, mlio unakuwa mkavu na patasi inaruka kidogo mkononi. Acha hapo hapo! Ukizidi kugonga, mbao zikivimba hazina pa kwenda, zinang'oa misumari kwenye mataruma (mbavu za chombo). Hatari ni kubwa zaidi kwa chombo kilichokaa juani miezi. Hicho kifunike magunia yaliyolowa siku kadhaa kwanza, mianya ijirudi.

Misumari mipya izungushie uzi wa pamba yenye mafuta chini ya kichwa. Halafu deheni: shahamu (mafuta ya mnyama) iliyoyeyushwa na chokaa, iwe nzito, ipakwe kwa viganja sehemu inayozama tu. Sehemu isiyozama, sifa inatosha.

Ukishakishua (kukirudisha majini), maji yataingia. Usikipandishe, kiache kwenye nanga na mtu wa kufua (kuchota na kumwaga) maji, mbao zivimbe. Kama siku ya pili maji ya ngama (yale ya chini ndani ya chombo) hayajapungua, kagua ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, gogo la chini kabisa la chombo. Pale patasi inaingia kwa shida, na ndipo pamba hutiwa kwa haraka.