Maswali na majibu: mkaguzi wa hataza anajuaje kama dawa mpya ilikuwa dhahiri?

Tangu niandike kuhusu bei za dawa maswali yamekuja mengi sana na karibu yote yanarudi palepale, kwamba kampuni inapataje hataza (wengi mnasema patenti, sawa tu, yaani haki ya kuzuia wengine wasitengeneze wala kuuza kitu chako kwa miaka kadhaa) kwa dawa ambayo ukiitazama ni ileile ya zamani imeguswa kidogo. Nimechagua machache niyajibu kwa kirefu. Hili jambo mimi nalichukulia kwa uzito kwasababu ofisi ya hataza ikikosea anayeumia ni mgonjwa, ama atalipa bei kubwa miaka mingi bila sababu, ama dawa nzuri haitatengenezwa kabisa manake hakuna atakayekubali kuweka hela yake.

Habari mtaalamu. Kama molekuli haijawahi kuwepo duniani si ni mpya basi? Sasa mkaguzi anaikataa kwa kigezo gani? (Msomaji, Morogoro)

Njema kabisa ndugu yangu. Upya ni mtihani wa kwanza tu, tena ndo ule mwepesi. Mkaguzi anaingiza muundo wa molekuli kwenye database za kemia, anatafuta kama ulishachapishwa popote, kwenye jarida au kwenye hataza ya zamani, akiukuta kesi imeishia hapo. Vita iko kwenye mtihani wa pili: je, mkemia wa kawaida wa fani hiyo, sio yule bingwa wa dunia, mkemia tu mzuri mwenye kujua kila kilichochapishwa kabla ya tarehe ya ombi, angefika kwenye hiyo molekuli kwa kufuata njia inayoonekana, na tena akiwa na matumaini ya maana kwamba itafanya kazi? Kama jibu ni ndio basi ilikuwa dhahiri na hataza haitolewi.

Marekani hii iko kwenye kifungu cha 103 cha sheria yao ya hataza, na Mahakama ya Juu iliwawekea utaratibu mwaka 1966 kwenye kesi ya Graham na John Deere, ambayo wala haikuwa ya dawa, ilikuwa ya plau ya kulimia. Unaangalia kilichokuwepo kabla, unaangalia tofauti, unaangalia kiwango cha mtaalamu wa fani, halafu unasikiliza ushahidi wa pembeni kama vile watu walihangaika miaka mingapi na tatizo hilo wakashindwa. Ulaya wana ibara ya 56 ya mkataba wao wa hataza na wanauliza kitu ambacho mimi nakipenda sana, sio kama mkemia angeweza kufanya hivyo, ila kama kweli angefanya. Manake kwenye kemia unaweza kubandika karibu chochote popote, swali ni nini kingemsukuma abandike hiki na abandike hapa.

Na ugumu mkubwa wa kazi yenyewe ni kwamba mkaguzi anaanza kusoma ombi akiwa jibu tayari analo mkononi. Ukishaonyeshwa jibu kila hatua ya nyuma inaonekana rahisi. Mkaguzi mzuri inabidi ajilazimishe kurudi hadi tarehe ya ombi na kusahau yote yaliyojulikana baadaye, na hiyo sio kazi ndogo hata kidogo.

Shikamoo. Niko mwaka wa tatu famasia. Tumefundishwa kuwa kutoa methili na kuweka ethili ni mabadiliko ya kawaida kabisa, sasa pioglitazoni ilipitaje? (Mwanafunzi, Dar)

Marahaba mwanangu, umeuliza swali ambalo mawakili wamelipigania mpaka mahakama ya rufaa. Pioglitazoni ni dawa ya kisukari ya Takeda, jina la biashara Actos. Kabla yake kulikuwa na molekuli jirani waliyoiita kampaundi b, yenye methili (kikundi cha kaboni moja) kwenye nafasi ya 6 ya pete ya piridini, ile pete ya atomu sita ndani ya molekuli. Pioglitazoni ina ethili (kaboni mbili), na iko nafasi ya 5. Kwahiyo hatua ni mbili tu, ongeza kaboni moja, sogeza nafasi moja, na zote mbili ni mambo ambayo mkemia yeyote wa dawa anayafanya. Alphapharm waliotaka kuuza dawa hiyo kwa bei nafuu wakasema jamani hii ni dhahiri.

Mwaka 2007 Alphapharm wakashindwa, na hapo ndo kuna somo lenyewe. Mahakama iliuliza kwanza: kwanini mkemia angeanza na kampaundi b? Kulikuwa na makala iliyotoa data za kampaundi 101 za familia hiyo, ikataja 3 kuwa ndizo zenye matumaini zaidi na kampaundi b haikuwemo, tena ilitajwa waziwazi kuwa inaongeza uzito wa mwili na mafuta ya kahawia (aina mojawapo ya mafuta ya mwilini) kwa kiasi kikubwa. Sasa unatengeneza dawa ya kisukari, watu ambao wengi wao tayari wanapambana na uzito, utaacha zile 3 nzuri uende kuchukua hiyo? Na hata ukiichukua, hakuna kitu kilichokuambia kwamba ile kaboni moja na kule kusogeza kungeondoa sumu. Vipimo vilionyesha kampaundi b inadhuru ini, moyo na chembe nyekundu za damu, pioglitazoni haikuonyesha sumu ya maana.

Kwahiyo ukikutana na kesi yoyote ya molekuli mpya usikimbilie kuhesabu atomu ngapi zimebadilika. Tafuta kwanza molekuli ya kuanzia na sababu ya kuichagua, halafu tafuta sababu ya kuibadilisha kwa namna hiyohiyo, halafu uulize kama matokeo yalitegemewa. Kesi nyingi zinafia kwenye hiyo hatua ya kwanza.

Mimi natumia amlodipini ya presha. Nimesikia kampuni inaweza kubadilisha "chumvi" ya dawa ikapewa miaka mingine. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Ni kweli wanajaribu mama, na dawa unayomeza ndo mfano bora kuliko yote. Chumvi hapa ni ya kikemia, ile sehemu inayofungwa pamoja na dawa ili itengenezeke kuwa kidonge kizuri. Pfizer walianza na amlodipini maleati na ikawasumbua kiwandani, dawa ilikuwa inaharibika na unga wake unanata kwenye mashine ya kugandamiza vidonge. Wakajaribu chumvi nyingine, wakaishia kwenye besilati, hiyo ndiyo Norvasc, wakaiombea hataza wakapata.

Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaifuta. Kulikuwa na makala ya mwaka 1977 iliyoorodhesha chumvi 53 zilizokubalika kwa dawa na besilati ilikuwemo, ingawa ilitumika kwa asilimia 0.25 tu ya dawa. Pfizer walisema hiyo asilimia inaonyesha hakuna mtu angeiwaza. Mahakama ikasema mkemia aliyekwama na maleati angejua anachokwepa, angepunguza orodha mpaka zikabaki chache, angezipima moja moja kwa vipimo vya kila siku mpaka aipate inayomfaa. Sio lazima awe na uhakika, matumaini ya maana yanatosha. Mimi naona mahakama ilikuwa sahihi, kazi ya kubadilisha chumvi ni ya muhimu na inataka watu makini, lakini inafahamika na haistahili kuwafungia wengine mlango kwa miaka.

India wamekwenda mbali zaidi, sheria yao kifungu cha 3(d) kinasema umbo jipya la dawa inayojulikana halipewi hataza mpaka lionyeshe kuwa linatibu vizuri zaidi. Novartis waliomba fuwele aina ya beta ya imatinibu mesilati, dawa ya saratani ya damu mnayoijua kwa jina la Glivec, wakaleta data kwamba inafyonzwa mwilini kwa asilimia 30 zaidi ya imatinibu tupu isiyo na chumvi. Mahakama ya Juu ya India tarehe 1 Aprili 2013 ikasema kufyonzwa zaidi peke yake sio ushahidi wa kutibu zaidi, ikakataa.

Na zile molekuli pacha, ya kulia na ya kushoto? Ukizitenganisha ni uvumbuzi? (Msomaji, Nairobi)

Inategemea bro, na zipo hukumu za kwenda pande zote mbili. Kwa wasiojua, hizi ni molekuli zenye atomu zilezile zilizoungana vilevile, ila umbo limegeuka kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ramiprili ya presha ilishindwa mwaka 2007 kwasababu dawa ndugu yake, enalaprili, ilishajulikana kuwa umbo moja lina nguvu mara 700 ya lingine, kwahiyo kila mtu alijua atafute wapi. Klopidogreli (Plavix) ilishinda mwaka 2008 manake pacha wa kulia alikutwa na nguvu yote ya kuzuia damu kuganda, huku sumu ya mishipa ya fahamu karibu yote iko kwa pacha wa kushoto, na hakuna aliyetegemea zigawanyike vizuri namna hiyo. Sanofi wenyewe, wenye dawa hiyo, walikuwa wameshatumia miaka zaidi ya 4 kwenye mchanganyiko wa pacha wote wawili kabla hawajautenganisha, sasa kama ingekuwa dhahiri si wangeanza na hilo?

Kampuni ikileta ushahidi kwamba dawa imefanya maajabu, mkaguzi si lazima akubali? (Mfamasia, Mwanza)

Hapana kaka. Entekaviri ya homa ya ini B ni dawa nzuri sana, wala sibishani na hilo, lakini mwaka 2014 Marekani hataza yake ikaanguka. Molekuli ya kuanzia ilikuwepo, watafiti wa wakati ule walikuwa wanaifanyia kazi kwa matumaini makubwa, na entekaviri ilitofautiana nayo kwa kikundi kimoja kidogo cha kaboni. Baadaye ile ya kuanzia ikagundulika ni sumu, kampuni ikasema mnaona, hakuna mtu angeichagua! Mahakama ikawajibu kwamba sumu ilijulikana baada ya tarehe ya ombi, kwahiyo haihesabiki. Ni kanuni ileile niliyomwambia msomaji wa Morogoro, mkemia wetu anafungwa na tarehe, na hapa ilimgeukia mwenye hataza.

Na mafanikio yasiyotegemewa yanapimwa na mengine yote, hayafuti kila kitu. Kama dawa imefanya jambo lilelile lililotegemewa ila kwa kiasi kikubwa zaidi, uzito wa ushahidi huo unapungua. Ulaya nako data za baadaye zinapokelewa, ila tangu uamuzi wa G 2/21 wa Machi 2023, wa bodi kuu ya rufaa ya ofisi ya hataza ya Ulaya, lazima faida unayoidai iwe imo ndani ya mafundisho ya ombi la mwanzo, huwezi kuja kuivumbua miaka mitano baadaye ukiwa umebanwa.

Mtu wa kawaida anaweza kumwambia mkaguzi chochote au ni mambo ya makampuni tu? (Msomaji, Kampala)

Anaweza, India kwa mfano yeyote anaweza kupinga kabla hataza haijatolewa. Mwaka 2019 wanawake wawili waliopona kifua kikuu sugu, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, wote walipoteza usikivu kwa dawa za zamani za TB, walipinga ombi la Johnson & Johnson la chumvi ya fumareti ya bedakwilini, dawa ya TB sugu. Hataza ya msingi ilikuwa inaisha Julai 2023, hiyo ya chumvi ingesogeza mpaka mwisho wa 2027. Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikaikataa. Hawa sio wakemia, walikuja na hoja na nyaraka, na ofisi ikazisoma.

Na huku kwetu je? (wengi mmeuliza)

Kwa kifupi: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa ziko kwenye kundi la nchi ambazo WTO, Shirika la Biashara Duniani, imeziruhusu zisitoe hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033, ila ruhusa hiyo haijifanyi yenyewe, lazima sheria ya nyumbani iichukue, kama Uganda walivyofanya kwenye sheria yao ya 2014. Kenya haimo kwenye kundi hilo, na KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, wanakagua kigezo hichohicho cha udhahiri. Halafu kuna ARIPO, ofisi ya pamoja ya hataza ya nchi kadhaa za Afrika iliyoko Harare, inakagua kwa niaba ya nchi nyingi zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, na kila nchi ina miezi 6 ya kusema hataza hii kwangu haitafanya kazi. Ikinyamaza, inafanya kazi. Kwahiyo wewe unayefuatilia dawa fulani, usiishie kuuliza kama ina hataza, uliza ni hataza ya nini, molekuli yenyewe, chumvi, fuwele au namna ya kuitumia, na kila moja iliombwa mwaka gani, kisha hesabu miaka 20 kuanzia hapo.