Anodi za magnesiamu zisiingie baharini
Ndugu, umeuliza kama boti ya ziwani inaweza kuingia baharini na anodi zake za magnesiamu, yaani vile vipande vya metali vinavyofungwa ili viliwe na kutu badala ya mashine. Hapana. Boti iliyokuwa ikitumika ziwani ivuliwe anodi zake za magnesiamu na kufungwa za zinki au za alumini kabla ya kushushwa baharini, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji baridi (yasiyo na chumvi), na magnesiamu, ambayo huliwa kwa urahisi kuliko metali hizo mbili, huisha upesi mno, kisha bahari ikageukia mguu wa mashine wenyewe, yaani sehemu yake inayozama majini. Kwa boti inayoingia pia kwenye mlango wa mto kama Pangani ningechagua alumini, kwani zinki ikikaa kwenye maji yenye chumvi kidogo hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi. Lakini iwe aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye zinki na metali iitwayo indiamu, si kipande chochote kilichookotwa gereji. Anodi haipakwi rangi (mafundi wengi huipaka, eti ipendeze), na hubadilishwa ikishalika kufikia nusu. Hata hivyo, haizuii chumvi kuziba njia za maji ya kupozea, hivyo mashine bado inahitaji kusafishwa kwa maji baridi kila baada ya safari.