Shawa ya umeme inapiga shoti, lakini breka haishuki

Ndugu, umeuliza kwa nini shawa ya umeme katika chumba ulichopanga hukupiga shoti kidogo kila ushikapo koki, ilhali breka haijawahi kushuka, na fundi aliyekuja amekushauri uvae ndala tu. Nimefunga umeme majumbani hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na lalamiko hili nakutana nalo mara kwa mara, hasa katika nyumba zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi. Zima swichi ya shawa hiyo leo, na isiwashwe mpaka ikaguliwe.

Breka haikuwekwa kwa ajili ya mwili wako. Kazi yake ni kuzilinda nyaya zisiungue, ndiyo maana breka ya ampea 32 hutulia tu madhali umeme unaopita haujazidi kiwango hicho, yaani miliampea 32,000. Mtu huanza kuhisi mtekenyo kwenye miliampea 1 hivi. Zikifika kati ya 10 na 20, misuli ya mkono hukaza hata asiweze kuachia alichokishika. Zikizidi 30 pumzi hubana, na zikiendelea kupanda moyo huweza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Ngozi kavu humkinga mtu kwa kiasi fulani, lakini akiwa amelowa upinzani wa mwili huweza kushuka hadi omu 1,000 hivi, na volti 230 za umeme wa nyumbani zikigawanywa kwa omu hizo hutoa ampea 0.23, yaani miliampea 230. Unachohisi sasa ni kidogo kwa sababu uvujaji bado ni mdogo.

Kuhusu ndala, sikubaliani na fundi wako. Hupunguza umeme unaoshukia miguuni, basi; mkono mmoja ukiwa kwenye koki na mwingine umegusa bomba la chuma au ukuta uliolowa, umeme hukatiza kifuani.

Mara nyingi nikifungua shawa za namna hii hukuta koili inayopasha maji imeliwa na chumvi hata umeme unavujia kwenye maji, na waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme unaovuja, umekatwa mfupi, ukazungushiwa selotepu nyeusi na kusukumiwa nyuma ya kifuniko, kwa kuwa nyumba yenyewe haina ethi. Wapo wanaouunganisha na nyutro, waya wa kurudishia umeme, ndani ya shawa, jambo baya zaidi, kwa maana siku nyutro itakapokatika huko nyuma, kila chuma kilichounganishwa na waya huo kitakuwa na umeme.

Mwambie mwenye nyumba abadilishe koili, achimbie ethi ya shaba kwenye udongo wenye unyevu, na afunge RCD ya miliampea 30, swichi ya usalama ambayo hukata umeme mara inapohisi unavuja. Ina kitufe kilichoandikwa T. Ukikibonyeza isiposhuka, imekufa, ibadilishwe.

Ikitokea mtu amenaswa, usimshike. Zima meni swichi kwanza; isipofikika, simama pakavu umsukume kwa ubao mkavu. Asipopumua, ita msaada na umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hata akiamka na kusema yuko salama, mpelekeni hospitali na mseme wazi kwamba amepigwa na umeme, kwa sababu umeme huweza kuunguza misuli ya ndani huku ngozi ikionyesha kidoa tu, na mapigo ya moyo yanahitaji kupimwa kwa mashine.