Mimi naweka 1961

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni mwaka gani uliotuchukulia watu wazito kuliko mingine yote. Najua wengi watawaletea mwaka waliofariki wanamuziki na waigizaji wao. Mimi naweka 1961, wala si kwa wingi wa majina. Marehemu wa mwaka ule wanaitana: ukimgusa mmoja, unamkuta mwingine.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa usiku wa 17 Januari huko Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakubwa wa Katanga wakanyamaza karibu mwezi mzima, kisha 13 Februari wakatangaza kwamba alitoroka kizuizini, wanakijiji wakamuua. Uongo mtupu. Mwili ulikuwa umeshayeyushwa kwa tindikali. Polisi mmoja wa Kibelgiji aliyeshiriki kazi hiyo aliondoka na jino, na ndilo Ubelgiji iliyowakabidhi watoto wa Lumumba Juni 2022. Familia inasubiri miaka 61, inapewa jino la kuzika!

Balaa la Katanga hiyohiyo ndilo lililomtoa New York Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Usiku wa kuamkia 18 Septemba alikuwa angani kuelekea Ndola, Zambia ya leo, akaonane na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, ili mapigano yasimame. Ndege ikaanguka msituni, ikiwa inakaribia kutua. Kati ya watu 16 waliokuwemo alikutwa hai mlinzi mmoja tu, Harold Julien, naye akafia hospitalini siku chache baadaye, akiwa ameshataja mlipuko. Tume ya serikali ya kikoloni ikamtupia lawama rubani. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo la kulifukua upya suala hilo, na aliyeliongoza ni Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wetu Watanzania wakati huo. Ameendelea nalo miaka kadhaa. Anasema inawezekana ndege ilishambuliwa, na kwamba zipo serikali ambazo hazijatoa yote zinayoyajua. Ningependa shule zetu zimfahamu mzee huyu kwa kazi hiyo.

Siku hiyohiyo ya 18 Septemba, Warundi walikuwa kwenye foleni za kura. Chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kikazoa viti 58 kati ya 64. Hata mwezi haukutimia: 13 Oktoba, akiwa waziri mkuu na umri wa miaka 29, alipigwa risasi kwenye mgahawa huko Usumbura, Bujumbura ya sasa.

Frantz Fanon, daktari na mwandishi aliyepigania uhuru wa Algeria, yeye hakuuawa. Saratani ya damu ilimmaliza 6 Desemba katika hospitali moja ya Maryland, Marekani, siku tatu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Lakini naye ni wa kundi hili: yeye na Lumumba walizaliwa mwezi mmoja, Julai 1925, na wote walikuwepo Accra Desemba 1958, kwenye mkutano wa Waafrika ulioongozwa na kijana wa Kenya, Tom Mboya.

Mwanasaikolojia Carl Jung na mwandishi Ernest Hemingway, huyu aliyewahi kuja kuwinda Tanganyika, nao walikwenda mwaka huohuo. Hao nawaachia wasomaji wengine.