Swali: Nchi ikivamia nyingine ikashindwa, fidia inalipwaje? Tuangalie Iraq na Kuwait

SWALI: Mtaalamu habari za leo. Kila vita vikianza nasikia watu wanasema "mvamizi atalipa". Hivi kiufundi inafanyikaje? Nani anapiga hesabu, hela inatoka wapi, na ni kweli Iraq ilimlipa Kuwait mpaka deni likaisha? Na kati ya aliyevamia na aliyevamiwa, nani anatoka na hasara kubwa zaidi?

JIBU: Salama ndugu. Nianze na la Iraq kumaliza deni maana ndo jepesi: ndiyo, ililipa mpaka ikamaliza. Jeshi la Saddam Hussein, rais wa Iraq, liliingia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, likatimuliwa na muungano wa kijeshi ulioongozwa na Marekani mwisho wa Februari 1991, na malipo ya mwisho ya fidia yakatoka Januari 2022. Miezi 7 ya kukalia nchi ya watu, miaka 30 ya kulipa. Jumla yake dola bilioni 52.4.

Sasa ufundi wenyewe. Sheria ya kimataifa inasema nchi ikifanya kosa na ikaleta hasara lazima ifidie, hilo halina ubishi na ni la zamani sana, ishu ni kwamba hakuna polisi wa kwenda kukamata mali za serikali, ndo maana nchi kibao zimewahi kuvamia wenzao na hazijalipa hata shilingi. Kwa Iraq mambo yalikutana: ilipigwa vibaya, hakuna nchi yenye kura ya turufu (ya kuzuia maamuzi ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa) iliyokuwa tayari kuikingia kifua, halafu hela yake ya kigeni karibu yote ilitoka kwenye mafuta, na mafuta yanapita kwenye mabomba na bandari ambazo ukiamua kuzisimamia unazisimamia. Hilo la mwisho ndo lilibeba kila kitu kwa maoni yangu. Sheria ilisema Iraq idaiwe, lakini kilichofanya ilipe ni kwamba kuna watu walishika mfereji wa hela yake.

Aprili 1991 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 687, na mle ndani kifungu cha 16 kinasema Iraq inawajibika kwa hasara yoyote ya moja kwa moja iliyotokana na uvamizi ule, ikiwemo uharibifu wa mazingira na upotevu wa maliasili. Mwezi Mei azimio 692 likaunda Kamisheni ya Fidia ya Umoja wa Mataifa, makao yake Geneva. Wengi wanadhani ile ilikuwa mahakama, haikuwa. Swali la nani mkosaji lilishafungwa na azimio, kazi ya kamisheni ilikuwa kuhakiki na kuhesabu tu, Iraq iliruhusiwa kuleta maoni lakini haikuwa na nafasi ya kujitetea dai kwa dai kama mshitakiwa wa kawaida. Mwanasheria yeyote hapo lazima akune kichwa kidogo, ila ukiangalia kwamba madai yaliyoingia yalikuwa kama milioni 2.7, ukisema usikilize moja moja hata wajukuu wa waliodai wasingeona hela.

Walichofanya ni kuyagawa mafungu sita. Fungu A ni wale waliolazimika kukimbia Kuwait au Iraq, hawa hawakuulizwa risiti za makochi wala friji, ukithibitisha tu kwamba ulikuwepo na ukaondoka kati ya tarehe 2 Agosti 1990 na 2 Machi 1991 unapewa kiwango maalumu, dola 2,500 mtu mmoja, au 4,000 ukikubali kutodai kwenye fungu lingine, na familia mara mbili yake. Majina yalilinganishwa kwa kompyuta na rekodi za mipakani na za mashirika yaliyosafirisha watu. Fungu B ni walioumia vibaya au kufiwa. C ni hasara za mtu binafsi mpaka dola 100,000 na D ni zaidi ya hapo, E makampuni, F serikali na mashirika ya kimataifa. Misri ilileta dai moja la jumla kwa niaba ya wafanyakazi wake waliokuwa Iraq, walikuwa wametuma hela nyumbani kupitia benki za Iraq zikakwama njiani. Kingine nilichokipenda, watu wadogo walitangulizwa, A, B na C ndo waliolipwa mwanzo, na kampuni ya taifa ya mafuta ya Kuwait, iliyopewa fidia kubwa kuliko zote, dola bilioni 14.7, ndo ikafunga foleni.

Hilo neno "moja kwa moja" la kifungu cha 16 ndo lilikuwa uwanja wa vita wa mawakili. Kamisheni ilisema hasara ya mapigano inahesabika bila kujali kombora lilirushwa na upande gani, kwa hiyo hata kama bomu la muungano wa Marekani ndo limeangusha ghala lako pale Kuwait, bili inaenda Baghdad, maana bila uvamizi bomu lisingekuwepo. Lakini gharama za kijeshi za ule muungano zilikataliwa. Hasara iliyoletwa na vikwazo vya biashara peke yake nayo ilikataliwa. Na raia wa Iraq hawakuruhusiwa kudai, hata yule aliyepoteza nyumba na watoto na hakuwahi kumuunga mkono Saddam hata siku moja.

Matokeo ya hesabu: ziliombwa dola bilioni 352.5, zikapita 52.4 kwa wadai kama milioni 1.5. Yaani kwa kila dola 100 zilizoombwa zilikubaliwa 15 hivi. Riba hawakulipa. Madai ya mazingira yalikuwa kama bilioni 85, zikapita 5 na kidogo. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja tarakimu kubwa ya fidia kwenye habari, usiichukulie kama hela iliyopo, ile ni bei ya kuanzia.

Hela ilitokaje? Mwanzoni haikutoka. Iraq ilikuwa chini ya vikwazo tangu Agosti 1990 na Saddam aligoma masharti ya kuuza mafuta chini ya uangalizi, mambo yakafunguka Desemba 1996 kwenye ule mpango wa mafuta kwa chakula. Mafuta yanauzwa, hela inaingia akaunti ya Umoja wa Mataifa, na kabla Iraq haijanunua hata kilo ya ngano asilimia 30 inakatwa ya fidia. Mwaka 2000 ikashushwa 25, mwaka 2003 baada ya Saddam kuondolewa ikawa 5. Oktoba 2014 wakasimamisha kabisa maana wapiganaji wa ISIS walikuwa wameteka sehemu kubwa ya nchi na bajeti imekauka, wakarudi kulipa 2018 kwa asilimia nusu tu, ikapanda taratibu hadi 3.

Hapa kuna kitu watu hukosea. Novemba 2004 wakopeshaji wa Klabu ya Paris, yaani kundi la serikali zinazokopesha nchi nyingine, waliisamehe Iraq asilimia 80 ya madeni inayodaiwa nao. Fidia haikuguswa na msamaha ule, kwa sababu siyo mkopo, ni hukumu ya Baraza la Usalama, mkopeshaji hana mamlaka ya kuifuta. Saddam alinyongwa Desemba 2006 na makato yakaendelea miaka 15 mingine. Mtoto aliyezaliwa Basra mwaka 1995 amekatwa tangu hajajua kusoma kwa kosa lililofanyika kabla hajazaliwa.

Sasa nani aliumia zaidi. Kwa hesabu ya muda mrefu ni Iraq, na wala siyo kwa ukaribu. Saddam aliingia Kuwait kwa sababu ya hela, alikuwa ametoka kwenye vita vya miaka 8 na Iran na madeni juu ya kichwa, mengine akidaiwa na Kuwait yenyewe, akawa anailaumu kwamba inachimba kupita kiasi na kushusha bei, na kwamba inamwibia mafuta ya Rumaila, eneo la visima lililoko mpakani. Alienda kutibu deni akarudi na deni jipya, vikwazo mpaka Mei 2003, viwanda na mitambo ya umeme vimepigwa, na sarafu ikafa. Dinari moja kabla ya vita kwa bei ya serikali ilikuwa zaidi ya dola 3, kufika mwisho wa 1995 mtaani ulihitaji dinari kama 3,000 kupata dola moja, maana serikali ilikuwa inachapa noti tu. Mwalimu au injinia mshahara wake wa mwezi ukawa haununui chakula cha siku chache, wasomi wakawa wanauza vitabu vyao mtaa wa al-Mutanabbi pale Baghdad, na wenye uwezo wakahama. Hii ya tabaka la kati kuyeyuka hakuna fungu la A mpaka F linaloihesabu, na kuijenga upya ni kazi kuliko kujenga daraja.

Kuwait ilirudi haraka kwa nje. Serikali ilikimbilia Taif, Saudia, na ilikuwa na akiba kubwa imewekezwa nje ya nchi ambayo Iraq haikuweza kuigusa, kwa hiyo iliendelea kulipa watu wake ikiwa uhamishoni. Visima zaidi ya 700 viliharibiwa au kuchomwa moto na wanajeshi wakiondoka, watu wakatabiri miaka ya moto, ila cha mwisho kilizimwa tarehe 6 Novemba 1991. Lakini maziwa ya mafuta jangwani yalibaki, na kusafisha udongo ule ni kazi iliyoenda miongo. Watu kama 600 walipotea, mabaki ya baadhi yamekuja kupatikana hata baada ya 2018. Wapalestina kama laki 4 waliokuwa wanaishi pale, walimu, madaktari, wahasibu, karibu wote waliondoka au waliondolewa kwa sababu viongozi wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, walionekana wako upande wa Saddam, na hilo ni jeraha ambalo nchi iliyovamiwa ilijiongezea yenyewe. Na usalama wake toka hapo umeegemea mikataba na kambi za Wamarekani.

Kuna kesi moja ya pembeni inachekesha kidogo. Iraq iliondoka na ndege 10 za Kuwait Airways, wenyewe wakafungua kesi mahakama za Uingereza. Aprili 2010 Iraqi Airways imerudi London kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20, mawakili wa Kuwait wako Gatwick wanataka kuikamata ndege, na mkurugenzi wa Iraqi Airways akanyang'anywa pasipoti. Wakaja kumalizana 2012 kwa dola milioni 500.

Je, mfano huu unafanya kazi kwingine? Kamisheni ilifungwa rasmi na azimio la tarehe 22 Februari 2022, siku mbili baadaye Urusi ikaivamia Ukraine. Urusi ina kura ya turufu, kwa hiyo njia ya Baraza la Usalama imekufa kabla ya kuanza. Mfereji uliopo ni akiba za benki kuu ya Urusi kama dola bilioni 300 zilizozuiwa nchi za Magharibi, nyingi ziko Euroclear, taasisi ya kutunza hati za fedha kule Ubelgiji. Kuzuia ni rahisi, kuzichukua moja kwa moja ni jambo lingine kabisa kwa sababu ya kinga ya mali za nchi, ndo maana mwaka 2024 nchi za G7, yaani kundi la nchi saba tajiri, zilikubaliana mkopo wa dola bilioni 50 unaolipwa na faida ya zile hela badala ya hela zenyewe. Bila Baraza na bila mfereji unabaki na mahakama, na mahakama huwa ni polepole na ndogo: DRC iliidai Uganda zaidi ya bilioni 11 kwa vita vya 1998 hadi 2003, Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaipa milioni 325, ilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kwa mwaka.

Ukraine nao wana Rejista ya Uharibifu pale The Hague, ilianza kupokea madai Aprili 2024, kwanza nyumba zilizobomolewa, mtu anajaza kwa simu na kuambatanisha ushahidi. Rejista yenyewe hailipi chochote, inatunza madai tu.